Ufunguo Ule Si Wako

Ukiingia ndani ya seva ya tovuti yoyote inayopokea nywila, namba za simu au malipo, utakuta mahali fulani mafaili mawili yamekaa jirani. Moja ni cheti, la pili ni ufunguo wa siri. Ukiyafungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia, huoni tofauti ya maana. Yote yanaanza kwa vistari vitano, maneno machache ya Kiingereza kwa herufi kubwa, na vistari vitano tena. Kisha inafuata mistari ya herufi na tarakimu zilizochanganyika, herufi 64 kila mstari, mpaka mwisho ambako vistari vinarudi kufunga. Hata mwanzo wa maandishi yenyewe hufanana mara nyingi: M, I, I. Ufunguo wa kawaida wa biti 2048 haufiki mistari thelathini. Ungeweza kuuchapa kwenye karatasi moja na nafasi ikabaki.

Kazi zake, hata hivyo, ni mbingu na ardhi. Cheti kimetengenezwa kionekane na dunia nzima. Seva inakitoa kwa kila anayebisha hodi, awe mteja, mpita njia au mwizi, wala hakuna hasara. Ufunguo umetengenezwa usionekane na yeyote, hata mwenye kampuni. Ukipotea, unatengenezwa mwingine na maisha yanaendelea. Ukinakiliwa na mtu mwingine, yule aliyeunakili anaweza kusimama mbele ya wateja wako akajiita wewe, na vivinjari vyao vikamkubalia.

Kazi yangu ni kutunza seva, na kwa kadiri ninavyoona watu wakiyashughulikia mafaili haya mawili, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba makosa yanayofanyika hapo hayatokani na uhaba wa ujuzi. Amri zinazohitajika ni chache na zinajifunzwa kwa jioni moja. Tatizo ni kwamba anayeushika ufunguo anadhani ni mali yake, au ni mali ya ofisi yake. Akidhani hivyo, kila anachofanya baadaye kinakuwa na mantiki: anaunakili apendapo, anamgawia amtakaye, na ukimponyoka ananyamaza.

Ili kuona ufunguo huo umebeba nini, turudi nyuma kidogo. Kwa karne nyingi watu waliotaka kuandikiana kwa siri walikuwa na kikwazo kimoja. Ilibidi kwanza wakutane, au wamtume mjumbe mwaminifu, ili wapeane ufunguo. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walichapisha makala iliyopendekeza njia nyingine: kila mtu awe na jozi ya funguo, mmoja autangaze, mwingine aufiche. Kinachofungwa kwa ule wa hadharani hufunguliwa na ule wa siri peke yake. Mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wote wa MIT, wakapata hesabu ya kulitekeleza wazo hilo. Hesabu yao inaegemea jambo jepesi kulieleza: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini kuichukua namba iliyopatikana na kuzitafuta zile mbili zilizoizaa ni kazi inayoshinda kompyuta zote tulizonazo, mradi namba hizo ziwe kubwa vya kutosha.

Wote watano hawakujua kwamba Uingereza, ndani ya GCHQ, idara ya serikali inayosikiliza mawasiliano ya wengine, James Ellis alikuwa amelifikia wazo hilo mwaka 1970, na Clifford Cocks akaipata hesabu yake mwaka 1973. Serikali iliizuia kazi yao isitoke nje. Ilitangazwa Desemba 1997, wiki chache tu baada ya Ellis kufariki. Aliwaona wengine wakipewa sifa kwa miaka ishirini na hakufungua mdomo. Unaweza kubisha kama serikali ilikuwa na haki ya kumnyamazisha, lakini yeye alijua vizuri kwamba siri ile ilikuwa mikononi mwake bila kuwa yake. Watu wa aina hiyo ni adimu kuliko wanahisabati.

Uvumbuzi ule uliacha swali moja bila jibu. Nimeupata ufunguo wa hadharani unaodaiwa kuwa wa benki. Nitajuaje kwamba ni wa benki kweli? Mwaka 1978 Loren Kohnfelder, mwanafunzi wa shahada ya kwanza pale MIT, alipendekeza katika tasnifu yake kwamba mtu wa tatu anayeaminika aandike waraka mfupi wenye jina na ufunguo wa hadharani, kisha autie sahihi. Waraka huo akauita cheti, na mpaka leo ndicho tunachokiweka kwenye seva.

Kwa Mtanzania jambo hili halihitaji maelezo marefu. Ukienda kufungua akaunti huna kitambulisho kinachotosha, unaambiwa ulete barua ya serikali ya mtaa. Karani wa benki hakujui wewe, wala pengine hamjui mwenyekiti wako, lakini anaujua mhuri na anajua ofisi ile iko chini ya nani. Cheti kinafanya kazi kwa ngazi hizo hizo. Cheti cha tovuti kimetiwa sahihi na mamlaka ya kati, nayo imetiwa sahihi na mamlaka ya juu, na ya juu inajulikana kwa sababu jina lake lilikuwa tayari ndani ya simu yako siku uliyoinunua. Simu na vivinjari huja na orodha ya mamlaka za juu zaidi ya mia moja. Wewe hukuzichagua. Wamezichagua watengenezaji, na kila siku unatembea na uaminifu wao mfukoni bila kuyajua majina yao.

Ngazi ya kati ikisahaulika, tovuti inafunguka vizuri kwenye kompyuta ya fundi, kwa kuwa kivinjari chake kiliwahi kukutana na mamlaka ile kwingineko na kikakumbuka, halafu inagoma kwenye programu ya malipo ya mteja isiyo na kumbukumbu hiyo. Fundi anaapa kwamba kwake inafanya kazi, na hasemi uongo. Ndiyo maana mtoa vyeti huleta faili jingine lenye mnyororo mzima, na kazi ya anayeweka cheti ni kuhakikisha ameuweka wote.

Twende sasa kwenye faili la pili. Ukiiagiza Linux iorodheshe mafaili kwa kirefu, mwanzoni mwa kila mstari inakuonyesha vialama kumi. Kwenye cheti utaona mwenyewe anasoma na kuandika, na wengine wote wanasoma. Kwenye ufunguo uliotunzwa vizuri utaona r na w mara moja tu, kisha vistari vitupu mpaka mwisho: mwenyewe anasoma na kuandika, kundi lake halina kitu, walimwengu hawana kitu. Kwa tarakimu hali hiyo ni 600. Safu ya mwenye mali imeandikwa root, yaani mtumiaji mkuu wa mashine. Programu ya kuhudumia tovuti, tuseme nginx, huamka ikiwa na mamlaka ya root, huusoma ufunguo na kuuweka kwenye kumbukumbu, kisha huwakabidhi kazi watumishi wadogo ambao hawawezi kulifungua faili lenyewe. Busara ni kwamba anayezungumza na wageni asiwe na uwezo wa kufika stoo.

Ufunguo wenyewe unaweza pia kufungwa kwa nywila, na vitabu vinashauri hivyo. Tatizo linaanzia kwenye umeme. Ukikatika saa nane usiku na jenereta ikachelewa, seva huzima. Umeme ukirudi mashine inaamka yenyewe, lakini programu ya tovuti inasimama pale pale ikisubiri mtu aandike nywila ya ufunguo. Mtu huyo amelala Kimara na simu ameizima. Asubuhi bosi anauliza kwa nini wateja hawakuweza kulipa tangu usiku. Siku hiyo hiyo nywila inaondolewa, na hairudishwi tena. Wala silaumu. Ofisi nyingi duniani zimefanya uamuzi huo, hata kwenye miji ambayo umeme haukatiki, kwa sababu seva inatakiwa iweze kusimama yenyewe. Matokeo yake ni kwamba funguo nyingi zinazolinda mazungumzo ya watu zimelala wazi kwenye diski, zikilindwa na vile vialama kumi na tabia ya yule mwenye cheo cha root.

Kwa hiyo tumerudi kwa mtu. Hesabu ya Rivest na wenzake ingeweza kumchosha mwizi maisha yake yote, lakini mwizi hana haja ya kuigusa. Anamtafuta mwenye nakala.

Hapo ndipo swali la mwenye mali linapokuwa na uzito. Mashine inasema ufunguo ni wa root. Mkataba unasema ni wa kampuni. Lakini tazama nani anaumia ukivuja. Kampuni itapata aibu, itatoa tamko, itabadilisha fundi. Anayeumia ni mama aliyelipa ada ya mtoto kupitia ukurasa aliodhani ni wa shule, mgonjwa aliyeandika majibu ya vipimo vyake, mwajiriwa aliyeingiza nywila ile ile anayotumia benki. Hao hawajawahi kusikia kwamba kuna faili la mistari isiyofika thelathini, na ndio walioweka humo walichonacho. Wazee wetu walikuwa na utaratibu wa mambo ya namna hii: ukikabidhiwa amana huitumii kwa shughuli zako, huizungushi mitaani, na likitokea la kutokea unakwenda kwa mwenyewe kumwambia kabla hajaambiwa na wengine. Naamini utaratibu huo unatosha kabisa kwa seva, na makosa makubwa ya historia ya vyeti ni makosa ya kuukiuka.

Tuanze na kuizungusha mitaani. Kampuni imenunua cheti. Aliyelipa ni mhasibu, aliyejaza fomu ni kijana wa mauzo, tovuti imetengenezwa na fundi wa nje, na seva imekodishwa kwingine kabisa. Cheti kinafika kwa barua pepe. Fundi anakiweka, anawasha upya programu, nayo inagoma ikisema cheti na ufunguo havilingani. Hapo msako unaanza. Nani aliomba cheti, kwenye kompyuta gani? Ujumbe unapita kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: “Jamani, nani ana lile faili la key?” Msamaria mwema anajitokeza: “Ninalo, kaka, nakutumia sasa hivi.” Analituma mbele ya kundi zima. Pengine alikuwa amelihifadhi kwenye Word, na Word imevigeuza baadhi ya vile vistari kuwa mstari mmoja mrefu, hivyo faili halisomeki. Linaombwa tena, linatumwa tena, safari hii kwa barua pepe. Jioni tovuti inafanya kazi na wote wanapongezana. Usiku simu za wanakundi zinapeleka hifadhi zao kwenye mawingu, kila moja na nakala yake. Mwaka unaofuata wawili kati yao wameacha kazi, na mmoja ameuza simu.

Njia sahihi ni rahisi kuliko purukushani hiyo. Ufunguo unatengenezwa kwenye seva ile ile utakakofanya kazi. Kutokana nao linatengenezwa ombi la cheti, ambalo ndani yake mna jina la tovuti na ufunguo wa hadharani tu. Ombi ndilo linalosafiri kwenda kwa mtoa vyeti, na cheti ndicho kinachorudi. Ufunguo haujatoka nje hata hatua moja. Ikitokea umepotea, au hujui ulitengenezwa wapi, acha kuutafuta: tengeneza jozi mpya, peleka ombi jipya, upewe cheti kingine. Watoa vyeti wengi hufanya hivyo bila malipo ya ziada. Hakuna ufunguo wa zamani unaostahili kupitishwa WhatsApp.

Wasiojua hili si mafundi wa mitaani peke yao. Februari 2018 kampuni ya Uingereza iitwayo Trustico, iliyokuwa ikiuza vyeti kwa niaba ya wengine, ilitaka vyeti vya wateja wake vifutwe kwa wingi. DigiCert, kampuni ya Marekani iliyokuwa na dhamana ya vyeti hivyo, ikaomba uthibitisho kwamba funguo zimevuja. Mkuu wa Trustico akatuma barua pepe yenye funguo za siri zaidi ya 23,000. Uthibitisho ulitosha: kama hazikuwa zimevuja asubuhi, zilivuja kwa barua ile. Vyeti vikafutwa. Kilichowashtua wenye taaluma zaidi ya barua yenyewe ni kugundua kwamba muuzaji alikuwa nazo. Mteja alikuwa amebonyeza kitufe cha kutengenezewa ufunguo kwenye tovuti ya muuzaji, akaona amerahisishiwa kazi, kumbe nakala ilibaki dukani.

Hata hivyo kuna misiba ambayo mtunzaji makini kuliko wote asingeizuia. Mwaka 2006 mistari miwili ya msimbo iliondolewa kwenye OpenSSL, programu inayotengeneza funguo hizi, ndani ya mfumo wa Debian, kwa nia njema, kwa sababu programu ya ukaguzi ilikuwa ikiilalamikia. Mmoja wao ndio uliokuwa ukichanganya bahati nasibu inayozaa ufunguo. Kwa karibu miaka miwili, hadi Mei 2008 Luciano Bello, mmoja wa watengenezaji wa Debian, alipogundua, seva za Debian na jamaa zake zilizaa funguo zilizoonekana nzuri kabisa, ndefu, zenye vistari vyake na herufi 64 kila mstari. Lakini kwa kila aina ya mashine na kila urefu wa ufunguo, funguo zilizowezekana hazikufika 33,000. Mtu angeweza kuzitengeneza zote nyumbani kwake na kuzijaribu moja moja.

Miaka sita baadaye ikaja Heartbleed. Toleo la OpenSSL la Machi 2012 lilikuwa na kosa lililomwezesha mtu yeyote kuiomba seva imrudishie vipande vya kumbukumbu yake, hadi kilobaiti 64 kila ombi, bila kuacha alama kwenye rekodi za kawaida. Vialama kumi vya ruhusa havikusaidia kitu, kwa kuwa nakala iliyoibwa ilikuwa ile ya kwenye kumbukumbu. Kosa lilipotangazwa Aprili 2014 wapo waliodhani ufunguo wenyewe hauwezi kupatikana kwa njia ile. Kampuni ya Cloudflare ikaweka seva yenye kosa hilo na kuwaalika watu wajaribu. Ufunguo ulipatikana siku hiyo hiyo.

Aliyetunza vizuri na bado akaibiwa hana lawama. Kinachompima ni anachofanya kesho yake. Baada ya Heartbleed ilibidi mamia ya maelfu ya seva zitengenezewe funguo mpya, vyeti vya zamani vifutwe na watumiaji wabadilishe nywila. Wengi waliziba tu tundu na kuendelea na ufunguo ule ule, kana kwamba aliyeibiwa funguo za nyumba ametengeneza dirisha akalala.

Mfano mkubwa wa kunyamaza ni DigiNotar. Ilikuwa mamlaka ya vyeti ya Uholanzi, na hata serikali ya nchi hiyo ilitumia vyeti vyake. Mwaka 2011 wavamizi waliingia kwenye mitambo yake na kujitengenezea vyeti mamia, kimojawapo cha google.com. Kampuni iligundua uvamizi mwezi Julai. Ikafuta vyeti ilivyoviona, ikakaa kimya. Mwishoni mwa Agosti mtumiaji mmoja wa Iran akaonywa na kivinjari chake alipokuwa akifungua barua pepe, akauliza hadharani, na siri ikatoka. Uchunguzi ulionyesha kwamba cheti kile cha bandia kilikuwa kimetumika dhidi ya Wairani wapatao 300,000. Vivinjari vyote vikubwa vikaiondoa DigiNotar kwenye orodha, na Septemba mwaka huo huo ikafilisika. Mamlaka nyingine zimewahi kuvamiwa, zikasema mapema na zikapona. DigiNotar iliuawa na zile wiki za Julai na Agosti.

Sheria zetu zimeanza kulishika jambo hili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data inamtaka aliyepata uvujaji wenye hatari kwa wahusika amjulishe Kamishna ndani ya saa 72. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022 na kuunda tume ya kuisimamia. Hakuna kifungu kinachotaja faili la ufunguo kwa jina, wala hakihitajiki. Zote mbili zinasimama upande wa mwenye taarifa, na kumwona anayezishika kama mtunzaji.

Linabaki suala la muda. Cheti kina tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, zote zimeandikwa ndani. Zamani mtu aliweza kununua cha miaka mitano na kukisahau. Muda huo ukawa unakatwa: kuanzia Septemba 2020 mwisho ulikuwa siku 398, na Let's Encrypt, inayotoa vyeti bure tangu mwishoni mwa 2015, ilianza na siku 90. Aprili 2025 watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari walikubaliana kupunguza zaidi: siku 200 kuanzia Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029.

Mafundi wengi wanaona ni usumbufu. Mimi naona ni ungamo la taaluma nzima. Kufuta cheti kabla ya wakati wake, ufunguo unapovuja, ni kazi ambayo mtandao haukuwahi kuiweza vizuri. Vivinjari vingine haviulizi kama cheti kimefutwa, na vingine vikiuliza visijibiwe huendelea na safari. Basi wakubwa wameamua kwamba uaminifu usioweza kurudishwa uachwe ufe wenyewe, na ufe mapema. Mwizi wa leo awe na wiki chache tu badala ya miaka. Mantiki hiyo hiyo imeingia kwenye mazungumzo yenyewe. Zamani aliyerekodi mawasiliano yaliyofungwa, kisha baada ya miaka akauiba ufunguo, mara nyingi aliweza kuyafungua yote ya nyuma. Katika TLS 1.3 ya mwaka 2018, toleo jipya la utaratibu unaofunga mazungumzo ya tovuti, kila mazungumzo yanaundiwa siri zake za muda, na zinatupwa yakiisha. Ufunguo wa seva unabaki na kazi moja, kuthibitisha kwamba anayezungumza ni yeye. Seva imefundishwa kusahau, na ilichosahau hakiwezi kuibwa kwake.

Tarehe za kufa zina gharama. Tarehe 6 Desemba 2018 cheti kilichokwisha muda ndani ya programu za Ericsson kiliwakatia mtandao mamilioni ya wateja wa O2 nchini Uingereza na SoftBank nchini Japani. Kampuni ya Equifax ya Marekani ilikuwa na chombo cha kukagua mawasiliano yanayotoka kwenye mitambo yake, na cheti cha chombo hicho kilikuwa kimekufa kwa miezi mingi bila mtu kujali. Chombo kikawa kipofu. Julai 2017 walipokihuisha cheti, mara moja waliona wezi wakiwa kazini, na walikuwa humo tangu Mei. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikwisha guswa. Na Septemba 2021, mamlaka ya juu ambayo Let's Encrypt iliegemea ilipofikia ukomo, hofu ilikuwa kwa wenye simu za zamani. Mwaka mmoja kabla, karibu theluthi ya simu za Android zilikuwa na mfumo usioijua mamlaka mpya iliyochukua nafasi yake. Simu za bei nafuu na za mtumba, zile zinazokaa miaka mingi mikononi mwa watu wetu, ndizo za kundi hilo. Zilinusurika kwa mpango maalumu uliotafutwa na Let's Encrypt yenyewe, ilipoona nani angefungiwa nje.

Siku 47 haziwezekani kwa mkono na kalenda. Kazi ya kuhuisha imekabidhiwa programu, na hilo ni jema: Certbot, kwa mfano, kila inapohuisha cheti hutengeneza pia ufunguo mpya, palepale kwenye seva, bila mtu kuugusa wala kuutuma. Hatari mpya ni usingizi. Programu hiyo inaweza kuacha kufanya kazi kimyakimya baada ya mtu kubadilisha mpangilio wa seva, na tangu Juni 2025 Let's Encrypt haitumi tena barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kufa. Aliyekuwa akisubiri kuamshwa inabidi ajiwekee saa yake mwenyewe.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa mwenye duka, mwenye shule, mwenye zahanati, yeyote aliyemlipa mtu amtengenezee tovuti inayokusanya mambo ya watu. Huna haja ya kujifunza amri hata moja. Muulize fundi wako maswali matatu. Ufunguo wa siri wa tovuti yetu uko wapi? Nani mwingine ana nakala yake? Na siku ukivuja, tutafanya nini saa hiyo hiyo, na tutawaambia nani? Akiyajibu yote bila kubabaika, mlipe vizuri na usimwache aondoke. Akikuambia usijali, faili lipo kwenye simu yake, badilisha ufunguo leo.